Karatasi Chini ya Pete ya Tatu

Ningekuwa mgeni wa kazi, ningejitetea kwamba sikujua. Lakini nilijua. Kushikiza pete kwenye fimbo ya kuvulia samaki ni kazi niliyokuwa nimeifanya kwa miaka sita, na siku niliyoiharibu niliiharibu nikiwa macho, mchana kweupe, kwenye meza yangu mwenyewe, mke wangu akiwa amekaa upande wa pili.

Mimi ni fundi wa karakana katika kiwanda kimoja cha chai, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Fimbo nilianza kuzitengeneza kwa kujifurahisha tu, baada ya kuona kwenye simu mzee mmoja wa nchi ya mbali akizungushia uzi kwenye ufito kwa utulivu ulionivutia. Nilipanda mlimani na jamaa wanaokata mianzi, nikachagua myembamba iliyonyooka, nikaomba ruhusa ya kuitundika juu ya mtambo wa kukaushia majani, mahali ambapo joto hupanda taratibu. Baada ya wiki kadhaa ilitoka mikavu, myepesi, inanukia chai. Pete nilizipinda mwenyewe kwa waya usioshika kutu. Kila pete ina miguu miwili midogo ya bapa inayolala juu ya mwanzi, mmoja huku na mmoja kule, na mshipi hupita ndani ya pete hizo kutoka chini kwenye gurudumu la kukunjia hadi kwenye ncha.

Pete haishikwi na msumari wala skrubu. Inashikwa na uzi. Unazungusha uzi juu ya mguu wa pete, duru baada ya duru, kila duru imebanana na mwenzake, kisha unapaka gundi ngumu inayopenya kwenye uzi mpaka kwenye mwanzi. Shida ni kuituliza pete wakati unazungusha. Mkono mmoja unageuza mwanzi, mwingine unavuta uzi, na pete inateleza, inapinda, inageukia pembeni kama mtoto anayevishwa shati. Nilijaribu supagluu, ikakauka pete ikiwa imekaa upande. Nilijaribu kufunga kwa uzi mwingine. Mwishowe nikagundua mpira wa tyubu ya baiskeli: unaukata vipande vyembamba kama bangili, unavivisha kwenye mwanzi, vinaubana mguu mmoja wa pete wakati unafunga ule mwingine, na uzi ukikaribia unaviviringisha pembeni. Mpira ukikosekana, ipo selotepu ya karatasi, ile wanayotumia wapaka rangi za magari. Nayo inashika vizuri sana. Ila ni lazima uibandue kabla uzi haujaifikia, kwa sababu ikibaki chini ya uzi, gundi haipenyi, na mguu wa pete unakuwa umelala juu ya karatasi badala ya mwanzi.

Mke wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake Msasani, ile ya hapa hapa Tukuyu. Siku ya kwanza aliponiona nikiibandua ile selotepu alicheka.

"Kumbe na nyinyi mnapiga bandi," alisema. "Sisi tunashikiza kitambaa kwa uzi mlegevu kabla ya kukishona. Mshono ukishapita, bandi inatolewa. Fundi anayeacha bandi ndani ya gauni anajulikana tu."

Sasa nije kwa mzee niliyemtengenezea hiyo fimbo niliyoiharibu.

Alikuwa msimamizi wetu karakana, mwenyeji wa kijiji cha Masoko, mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na mashine ya kuvingirisha majani kabla mimi sijaajiriwa. Ulimi wake ulikuwa wa Kinyakyusa hasa, hauna ra wala za, alitamka la na sa. Ukimpelekea kazi mbovu hakukugombeza. Aliigeuzageuza, akakurudishia, akasema maneno mawili tu: "Fungua, ludia." Tulikuwa tunamwigiza akiwa hayupo na kucheka mpaka machozi. Lakini kila ninachokijua kuhusu kufunga beringi, kunyoosha shafti, kusikiliza mashine kwa kuweka bisibisi kwenye sikio, nilikipata kwake. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Mzee huyu ndiye aliyenisindikiza kwenda kuposa.

Alipokaribia kustaafu tulifanya kikao cha maandalizi ya kumuaga. Watu walikuwa bado wanataja blanketi na redio, nikasimama.

"Zawadi niachieni mimi," nilisema. "Mzee anapenda kuvua pale ziwani kwao, na mshipi wa mkononi unamkata kwa sababu ya vidole. Nitamtengenezea fimbo ya kipekee. Ya mkono wake yeye, haitamfaa mtu mwingine."

Walipiga makofi. Nilikaa chini nikiwa nimevimba kichwa, nasema ukweli.

Nilimpa kipande cha udongo laini akibane kwa mkono wa kushoto, nikamdanganya kwamba napima mpini wa nyundo. Kwenye udongo ule vikabaki vishimo vitatu vya vidole na mkunjo wa kiganja. Kwa alama hizo nikachonga mpini wa mti wa mparachichi, wenye mabonde yanayopokea vidole vitatu tu, na nyuma nikaurefusha ili aubane kwapani samaki akivuta. Mpini ule ulikuwa mzuri. Mpaka leo sijachonga mwingine kama ule. Nadhani uzuri wake ndio uliochangia kuniharibu, kwa sababu baada ya kuumaliza nilijiona kama nimemaliza kila kitu. Pete nikaziacha. Leo mechi, kesho mvua, keshokutwa mgeni. Sherehe ilikuwa Jumamosi, na gundi ile inahitaji siku nzima na zaidi ili ikauke. Alhamisi mchana ndipo nilipokaa mezani.

Vipande vyangu vya tyubu vilikuwa vimeisha. Kibanda cha fundi baiskeli si mbali, lakini nje ilikuwa inanyesha ile mvua ya Tukuyu isiyo na haraka, inayoanza asubuhi kama vile imeajiriwa. Nikachukua selotepu ya karatasi. Mke wangu alikuwa nyumbani siku hiyo, akikunja pindo za sketi za shule upande wake wa meza.

Pete ya kwanza ilikaa vizuri. Ya pili pia. Nikiwa kwenye ya tatu, akaingia mfanyakazi mwenzangu mmoja kujikinga mvua. Akaiona fimbo, akashika mpini, akasema hajawahi kuona kitu kama hicho hapa Rungwe. Basi nikaanza kujionyesha. Nikawa nazungusha uzi huku nimemtazama yeye, namweleza habari za mianzi, namwonyesha kwamba mikono yangu haihitaji macho. Alikaa kama robo saa, mvua ikapungua, akaaga. Nilipoinama kutazama, uzi ulikuwa umepanda juu ya selotepu. Ulikuwa umeifunika yote, isipokuwa pembe moja nyeupe, ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, iliyochungulia kati ya duru mbili za uzi wa kijani.

Kuufungua uzi ule na kuurudia kungenichukua dakika kumi. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile, na huwa hazizidi kumi. Nilichukua ncha ya kisu, nikaisukumia ile pembe ndani, nikaendelea.

"Hapo umeacha bandi," mke wangu alisema bila kuinua kichwa sana.

"Wapi?"

"Hapo kwenye ya tatu. Pamevimba."

"Ni gundi hiyo."

"Gundi hujapaka bado."

"Wewe shona sketi zako," nikamwambia.

Nilipomaliza pete zote saba na kupaka gundi, bado alikuja kunisaidia kuigeuza fimbo polepole ili gundi isitone upande mmoja. Tuligeuza kwa muda mrefu, kila mtu ameshika upande wake.

Siku ya sherehe nilipewa nafasi ya kukabidhi. Ningeweza kuikabidhi kimya. Badala yake nikahutubia. Nikasema fimbo ile itaishi kuliko mimi na yeye, nikasema hakuna samaki Masoko atakayeishinda. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, vidole vyake vitatu vikaingia kwenye mabonde ya mpini vyenyewe tu.

"Kasi nsuli," alisema. "Ndaga fijo, mwanangu." Yaani kazi nzuri, ahsante sana.

Kisha, kama alivyozoea, akaanza kukagua. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya pete ya kwanza, polepole. Akaenda ya pili. Alipofika kati ya pete ya pili na ya tatu, nikaanza kupiga makofi kwa nguvu. Ukumbi mzima ukanifuata, vigelegele vikapigwa, naye akalazimika kuacha na kuinua mkono kuwashukuru watu.

Alihamia kwake Masoko, kwenye migomba na kahawa zake. Akawa ananipigia simu. "Njoo tufue samaki," alikuwa akisema. "Kuvua" kwake kulitoka hivyo, kama nguo. Kila mara nilikuwa na sababu. Kiwandani kuna kazi. Mtoto ana homa. Yeye hakuwa na neno, ananieleza tu kwamba jana alipata perege wanne, juzi sita, na kwamba majirani wanakuja kuitazama fimbo. Miezi minne ikapita hivyo. Fimbo ilikuwa haijavunjika. Nikaanza kujiambia kwamba labda ile karatasi haina madhara, labda gundi ilipenya pembeni. Ndipo nikakubali kwenda.

Ilikuwa Jumamosi ya kipindi cha baridi, ukungu umelala juu ya ziwa. Ziwa la Masoko liko chini ndani ya shimo la mlima, maji yake yametulia, miti imelizunguka pande zote, kwa hiyo mtu akikohoa ng'ambo unamsikia. Tulishuka watatu: mzee, mkewe aliyebeba kikapu cha ndizi za kuchemsha, na mimi. Pale chini palikuwa na kina mama wawili wanafua, na jirani yao mmoja, mzee wa kanisa, amekaa na ufito wake wa kawaida.

Mzee alirusha vizuri. Mpini ukiwa kwapani, vidole vitatu mahali pake, alionekana kama mtu aliyezaliwa na ile fimbo. Alipata perege wawili. Nikaanza kufurahi. Nakumbuka nilikuwa namenya ndizi pale fimbo ilipoinama mpaka ncha ikagusa maji.

"Kambale!" jirani alipiga kelele. "Mzee, huyo ni kambale!"

Kina mama wakaacha kufua. Mzee hakuvuta. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Hakuvuta kwa nguvu hata kidogo. Aliiinua fimbo taratibu, akamwachia samaki mshipi alipotaka kukimbia, akaukunja alipolegea, akamwachia tena. Samaki alijitokeza mara moja: kichwa kipana, cheusi, na sharubu, mrefu kama mkono wangu kutoka begani. Mke wa mzee alikuwa amesimama, ameshika mdomo. Mzee alikuwa anacheka. Miaka yote ile kiwandani sikuwahi kumwona akicheka kwa meno yote.

Kisha nikasikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu. Mguu wa pete ya tatu ulichomoka kutoka chini ya uzi. Pete ikageuka ikabaki inaning'inia kwa mguu mmoja, mshipi ukakwama kwenye ukingo wa waya, ukakatika. Fimbo ikanyooka ghafla. Mzee, ambaye alikuwa ameegemea uzito wa samaki, akaanguka nyuma akakaa kwenye matope.

Nilimkimbilia, lakini kabla ya kumwinua yeye niliinua fimbo. Nasema ukweli wote. Niliichukua fimbo kwanza. Uzi ulikuwa umelegea, na ndani yake ile karatasi imetokeza, nyeupe, imekunjamana, imelowa. Nikaifunika kwa kiganja.

Mzee alikuwa bado amekaa chini. Hakuwa na miwani yake. Alinyoosha ule mkono wa vidole vitatu, akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Nimeihalibu," alisema. "Sawadi yako nimeihalibu. Nisamehe, mwanangu."

Kulikuwa na nafasi pale. Watu watano walikuwa wananitazama. Nikafungua mdomo na nikajisikia nasema:

"Usijali, baba. Ulivuta kwa nguvu mno, basi. Inatokea."

Nilisema vile kwa sauti ya upole, kama anayesamehe. Yeye akatikisa kichwa kukubali. Nikaondoka na fimbo, nikaahidi kuitengeneza.

Wiki iliyofuata mjukuu wao mkubwa alishuka kwenye pikipiki mlangoni kwetu na mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Alisema babu ametuma, ni pole kwa kazi yangu iliyoharibika. Nilipokea. Jumapili tukamchinja yule jogoo. Nilimla, na alikuwa mtamu, nikaomba mchuzi tena.

Fimbo niliipandisha juu ya boriti za karakana yangu ndogo ya nyumbani. Sikuitengeneza. Kuitengeneza kungemaanisha kuufungua ule uzi na kuishika ile karatasi. Mzee alinipigia mara moja tu baada ya hapo, akaniambia nisihangaike, nimpe mtu mwingine mwenye mikono. Nikamjibu tutaona. Simu zake zikakoma.

Mke wangu ndiye aliyeishusha. Alipanda kutafuta ungo, akakutana nayo. Niliporudi kazini ilikuwa imelazwa mezani, na yeye amekaa pembeni yake.

"Uliniambia mzee aliivunja," alisema.

"Ndiyo."

Akaweka ncha ya mkasi kwenye ile karatasi. "Hii nini?"

Nikainama kuvua viatu.

"Na yule jogoo, baba watoto? Tulimla kwa ajili gani?"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Alinyanyuka akaenda kupika, na mimi nikabaki na ile fimbo mpaka kiza kikaanza kuingia.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Nikaifunga fimbo kwenye pikipiki ya kukodi, nikaenda Masoko. Njiani nilitunga maneno mengi. Mengine yalikuwa na mvua, mengine yalikuwa na haraka ya sherehe. Nilipofika nilimkuta mke wa mzee peke yake kwenye kahawa, amebeba ndoo, anachuma.

"Mzee yupo?"

"Yupo ndani."

Nilishangaa. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na mzee si mtu wa kukaa ndani. Mama akaweka ndoo chini.

"Siku hizi hachumi," alisema. "Tangu siku ile ya ziwani. Anasema mikono yake imekwisha. Kahawa hapogoi, mtoto wa mwanangu hambebi, eti atamwangusha. Hata chai nikimpa kwenye glasi anakataa, anataka kikombe cha bati. Nimemwambia aende hospitali, anasema ugonjwa wake ni uzee."

Maneno yangu yote ya njiani yaliniisha pale pale. Nilikuwa nimekuja kukiri kuhusu samaki na kipande cha selotepu. Sikujua kwamba kwa neno langu moja nilikuwa nimemnyang'anya mtu mikono yake.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Alitaka kusimama kunipokea, nikamzuia. Nikampa fimbo, nikamshika kidole gumba, nikauweka ukucha wake juu ya ile karatasi.

"Mzee, hii ni selotepu," nilisema. "Niliisahau chini ya uzi, kisha nikaiona, kisha nikaifunika. Pete haikushika kwa sababu hiyo. Wewe hukuvuta vibaya."

Akaikwaruza ile karatasi kwa ukucha.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile ya kunipa?"

"Nilijua, mzee. Makofi nilipiga kusudi ili usiikague."

"Na kule siwani, niliposema nimeihalibu?"

"Nilikuwa nimeshaiona. Niliifunika kwa mkono."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. Sikumsikia akiingia. Alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ya chini, kisha akanigeuzia mgongo.

Mzee aliilaza fimbo juu ya magoti. Nilingoja anigombeze. Ningefurahi kugombezwa.

"Ile kalatasi nakusamehe hapa hapa," alisema. "Kasini mtu anachoka, anajiona. Na mimi iliwahi kunitokea. Lakini lile la siwani, uniache nalo kwanza. Sijui nilifanye nini."

"Sawa, baba."

"Usiniite baba leo."

Nikasimama kuondoka. Mama akanifuata uani, macho mekundu.

"Waliokuwepo siku ile nao waambie," alisema. "Wanajua mzee wangu ndiye aliyeharibu. Kanisani wanampa pole kama mgonjwa."

Nikaanza na yule jirani, mzee wa kanisa, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu. Nilimkuta anapalilia, nikamweleza nikiwa nimesimama kwenye matuta, kofia mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaegemea jembe.

"Kile kikaratasi cheupe nilikiona," alisema. "Nilikuwa nimesimama nyuma yako."

"Uliona?"

"Niliona na ulivyokificha. Nikasema huyu kijana ni mtu wa heshima, ana aibu mbele za watu, atamwambia mzee wakiwa wawili. Nikangoja. Nilipoona hujasema, nikaona na mimi nitakuwa mchonganishi." Akarudi kwenye palizi yake. "Umechelewa sana."

Wale kina mama wawili niliwapata mmoja baada ya mwingine. Mmoja alinicheka. Mwingine hakuelewa pete ni nini, ikabidi nimweleze yote tangu mwanzo, uzi, gundi, selotepu, na kila nilipoeleza nilizidi kuwa mdogo. Jumatatu niliwaambia na wa kiwandani wakati wa chai. Hao walinitania kwa wiki nzima, wakanibandika selotepu mgongoni. Nilivumilia, na sikujiona nimelipa chochote.

Ilipita kama mwezi. Sikuthubutu kupiga simu. Kisha siku moja mchana ikaingia simu ya mzee.

"Njoo na usi," alisema. "Na ile gundi." Akakata.

Nilikwenda na uzi mpya, gundi, na vipande vya tyubu nilivyovikata usiku uliotangulia. Meza ilikuwa imeshawekwa uani, penye mwanga. Nilibandua uzi wa zamani na karatasi, nikausugua mwanzi mpaka ukawa safi, nikaichonga upya miguu ya pete kwa tupa. Nilipotoa bangili za mpira ili niishikize pete, mzee akazisogeza pembeni.

"Nitashika mwenyewe."

Akavaa miwani. Akaweka mkono wa kushoto juu ya mwanzi, kidole gumba juu ya mguu mmoja wa pete, vile viwili vingine vikiukumbatia mwanzi kwa chini. Nikaanza kuzungusha uzi kwenye mguu wa pili. Kazi hii ni duru zaidi ya thelathini kila mguu, na pete ikisogea unywele mmoja unaiona. Nilikuwa naitazama pete, halafu nikawa nautazama mkono. Haukutikisika. Nilivuta uzi, nikaukaza, nikageuza mwanzi, na kile kidole gumba kilikuwa kimetulia pale kana kwamba kimeota juu ya mwanzi. Huo ndio mkono niliowatangazia watu kwamba ulivuta kwa nguvu mno. Macho yangu yakajaa, nikawa sioni uzi, ikabidi nisimame.

"Endelea," alisema.

"Sioni vizuri, mzee."

"Basi futa macho. Mimi nimeshika."

Nikafuta, nikaendelea. Tulipohamia ule mguu aliokuwa ameubana, alihamisha kidole chake juu ya uzi mpya bila kuambiwa. Mke wake alipita na ndoo ya maji, akasimama kidogo kumtazama mumewe, akaenda zake. Mimi hakunitazama.

Gundi tuliiacha ikauke. Jumamosi iliyofuata nilirudi, tukashuka ziwani wawili. Alirusha kuanzia asubuhi hadi jua likawa juu ya vichwa, hakupata hata perege. Aliponipa fimbo nijaribu, nilimwambia mpini hautanikaa, umechongwa kwa mkono wake. Akaucheka mkono wangu wenye vidole vingi. Tulipopanda kurudi alinitangulia, fimbo begani, na nilimwita mzee, si baba, kwa sababu lile neno bado hajanirudishia na mimi sijaliomba.